Suke la Chungu cha Kumi na Saba

Puhawan, Ifugao
9 Novemba 1998

Mjukuu wangu Rufina,

Nimefika. Nakwambia hilo kwanza kwa sababu najua ulikuwa na wasiwasi, na kama hukuwa nao basi huna moyo. Basi limenitikisa mpaka mifupa ikabadilishana mahali. Kule mjini, Lunag wa dukani akanipakia kwenye gari lake pamoja na nguruwe wawili na godoro la mtu. Godoro nimelikalia mimi. Hapa wote wazima. Mama yako ameandika kutoka Hong Kong, anasema yule mtoto wa kizungu anayemlea ameota meno na anamng'ata. Mwambie wa kwake hakumng'ata. Paa la jiko linavuja palepale. Kuku mweusi amekufa, sijui kwa nini, nimemla.

Jicho linaona. Daktari aliyenitoa mtoto wa jicho ana mikono kama ya msusi, mpe salamu. Bandeji niliitoa siku ya sita, usinipigie kelele. Sasa naona mengi ambayo ilikuwa heri nisiyaone: uso wangu, na jaruba la jirani yetu Uyami. Ameacha magugu yapande ukuta mpaka mawe hayaonekani, halafu anawaambia watu mimi ndiye nimezeeka.

Sasa wewe. Jumapili ile ulinitembeza kwenye nyumba yenu ya wavu kama mama anayeonyesha mtoto mchanga. Nikainama kidogo tu, ukanivuta mkono mbele ya yule mzee wa ufunguo: "Bibi usiguse, Bibi twende." Miaka thelathini na minne nawachagulia mbegu watu wa kijiji hiki, hakuna aliyewahi kunivuta mkono mbele ya mpunga. Nimekusamehe. Sijasahau. Na mpunga kwenye vyungu! Maskini, kama wafungwa. Lakini umejaa vizuri, sitasema uongo. Ulisema mmetia kitu ndani ya bua lake, funza akilitoboa anakufa. Mwaka jana funza hao wamenila nusu ya shamba. Masuke meupe yamesimama wima kwa kiburi, ndani hamna punje. Nimekula hadi cha akiba.

Niambie kitu kimoja. Miche ya mpunga ule wa vyungu hukaa kitaluni siku ngapi kabla ya kupandikizwa? Nauliza tu.

Masista walinisomesha mpaka darasa la nne, ukiona makosa yapite.

Bibi yako,
Tuginay


Laguna
2 Desemba 1998

Bibi yangu, shikamoo.

Nimefurahi kusikia umefika na jicho linaona. Bandeji uliambiwa siku kumi, lakini tuyaache. Mimi mzima, ila nimechoka. Huku mvua haikatiki na chumba changu kinanuka ukungu. Mama nimemwandikia. Nakutumia dawa ya jicho, chupa mbili, tia asubuhi na jioni hata kama huoni sababu.

Bibi, kuna jambo kazini. Mpunga ule uliouona si wa kulima wala kula. Uko kwenye majaribio. Kila chungu kina namba, kila suke lina namba. Ukikomaa tunakata, tunahesabu, mbegu zinafungiwa, majani yanachomwa kwenye tanuri. Chungu cha kumi na saba kilikuwa na masuke sita. Tumepata matano.

Mkubwa wangu, Daktari Villaruz, anasema labda panya. Nimekiangalia kile kikonyo. Kimekatwa kwa mshazari, mkato mmoja, safi. Panya hawakati hivyo.

Hakuna anayejua kwamba uliingia mle. Wageni hawaruhusiwi. Mzee Teban alitufungulia kwa sababu nilimbembeleza, akasema, "Bibi wa watu katoka mbali, dakika tano tu." Yeye hajasema kitu. Mimi pia sijasema.

Sikuulizi kwa ubaya. Nauliza kama siku ile uliona chochote.

Kuhusu swali lako la kitalu: siku ishirini na moja. Kwa nini ulitaka kujua?

Mjukuu wako,
Rufina


Puhawan
6 Januari 1999

Rufina,

Krismasi imepita, tumechinja nguruwe mmoja kwa nyumba nne, mwembamba kama mimi. Padri alikuja kwa miguu kwa sababu barabara imekatika, akala kuliko waliolima. Dawa ya jicho imefika chupa moja. Ya pili imepasuka, bahasha yote ikanuka hospitali. Ukifunga kitu kifunge kwa majani, si kwa karatasi. Huko shule hawakuwafundisha kufunga?

Panya mwaka huu ni wengi. Nimewatega kumi na mmoja.

Unaniuliza kama niliona. Jicho moja lilikuwa na bandeji na la pili lina ukungu, ningeona nini? Niliona vyungu. Nilimwona yule mzee ana kikohozi, mwambie achemshe tangawizi. Nilikuona wewe umevaa koti jeupe na mabega yamekushuka kama mtu aliyebeba maji siku nzima. Umekonda. Hicho ndicho nilichoona.

Uyami amepita hapa jana, akasimama kwenye ukuta wa kitalu changu, akanyoosha shingo. "Tuginay, kona ile miche yake mifupi, imekuwaje?" Nikamwambia ni jicho lako ndilo fupi. Akaenda.

Tunaanza kupandikiza wakimaliza kutengeneza ukuta wa juu. Goti linauma.

Bibi yako


Laguna
8 Februari 1999

Bibi, shikamoo.

Barua yako imechukua wiki nne. Nimeisoma mara nne. Natumaini goti limepoa na kupandikiza kumekwisha bila mtu kuumia. Mimi sijambo.

Mzee Teban amesimamishwa kazi. Ufunguo ulikuwa wake, kwa hiyo suke ni lake. Amekaa pale miaka ishirini na miwili. Wamemwambia angoje nyumbani mpaka uchunguzi uishe. Jana nilimkuta kwenye kituo cha basi, amevaa sare ya kazi, shati limepigwa pasi, haendi popote. Nilitaka kujificha. Akaniona, akaniuliza, "Bibi yako jicho limepona?" Nikasema limepona. Akasema vizuri.

Bibi, nisikilize, kwa sababu hili siwezi kulisema kwenye simu ya dukani kwa Lunag, watu kumi wakisikiliza. Tumechukua kipande kidogo kutoka kwa kijidudu cha udongoni, kile ambacho sumu yake inaua viwavi na haimdhuru mtu, tukakiunga kwenye mbegu. Sasa mpunga wenyewe unatengeneza sumu hiyo ndani ya bua. Hiyo ndiyo kazi yangu. Lakini hatujamaliza kuupima. Hatujui funza watauzoea lini. Hatujui vumbi la maua yake likiangukia mpunga wa jirani nini kitatokea miaka kumi mbele. Serikali ilituruhusu kwa sharti moja: hata punje moja isitoke nje ya wavu. Wapo wanaotaka tufungiwe, na si wote ni wajinga. Punje ikionekana shambani kwa mtu, miaka sita ya kazi yetu inazikwa. Nilitaka siku moja kukitia kipande hicho kwenye mpunga wetu mwekundu, kwa ruhusa, kwa utaratibu, nikuletee mwenyewe. Sikukwambia.

Uchunguzi ukifungwa hivihivi, Mzee Teban ndiye mwizi mpaka anakufa.

Bibi, ulichukua?

Rufina


Puhawan
20 Machi 1999

Rufina,

Leo salamu zitakuja nyuma.

Mzee wa watu amekalishwa nyumbani, na wewe unapanda basi unakwenda kazini! Anakuuliza habari za jicho langu, unamjibu "limepona," halafu unapanda basi! Nani alikulea? Nimeuliza nyumba nzima, nimejikuta ni mimi, nikaona aibu. Ulijua tangu Desemba. Uliutazama mkato ule ukaujua, maana umekua mgongoni mwangu nikiukata. Ukaninyamazia, ukaniuliza kama "niliona." Mtu wa shule ndivyo anavyouliza?

Ndiyo, nilichukua. Mkono ni wangu. Lakini mdomo uliofungwa ni wako.

Na mimi nisikilize. Mchagua mbegu haombi. Unalijua hilo kabla hujajua kuoga. Naingia jaruba la mtu yeyote kabla mvunaji hajainua kisu. Suke likinifaa nakata, na mwenye shamba anajisifu mwezi mzima kwamba amechukuliwa. Ukiomba, mtu anakupa lile asilolipenda. Mle ndani nilihesabu ni shambani kwako. Mjukuu wangu amelima, nami nimpite kama mtu baki? Kisu kilikuwa kiganjani, natembea nacho, hata daktari wa macho alikiona. Nikatazama vyungu vyote, nikachagua, nikakata. Nilikuwa nageuka nikuonyeshe. Ndipo ukanivuta mkono. "Bibi usiguse." Yule mzee anatazama. Nikaona haya, nikalitia kwenye mkunjo wa sketi. Kama usingenivuta ningelikuonyesha, na yote haya yasingekuwapo. Au kama ningelitoa. Hilo nalo nimelifikiria.

Punje zilikuwa mia na kumi na mbili. Nimezihesabu, unaona, na mimi najua kuhesabu. Zimeota themanini na kitu, baridi imekula nyingine. Nimepandikiza arobaini na saba. Ziko jaruba la juu, la mbegu, katikati ya mwekundu wetu. Mgeni hawekwi mlangoni.

Zinakua polepole, baridi haizipendi. Lakini ziko kijani.

Uyami mzima. Paa bado. Mama yako ameandika, haji mwaka huu.

Nenda kwa mkubwa wako umwambie. Mimi ni mwizi, jina langu aliandike.

Tuginay


Laguna
11 Aprili 1999

Bibi, shikamoo.

Huna haja ya kunigombeza zaidi, najigombeza mwenyewe kila asubuhi. Afya yangu si mbaya.

Katikati ya mwekundu, Bibi! Laiti ungezipanda bustanini nyuma ya nyumba.

Tafadhali fanya hivi, na ufanye siku hiyohiyo barua hii ikifika. Zing'oe zote arobaini na saba pamoja na mizizi. Zianike, zichome, majivu yafukie. Zote, kabla hazijatoa maua. Kwa baridi ya huko zitachelewa, huenda zikachanua pamoja na mwekundu, katikati ya Mei. Zikichanua pamoja hatutaweza kujua punje ipi ya mwekundu imeguswa na ipi haijaguswa. Hazina alama ya nje.

Ukishazing'oa, niandikie. Hapo nitakwenda kwa Daktari Villaruz na kumwambia yote, na nitaweza kusema hakuna kilichobaki. Nipe nafasi hiyo tu.

Mzee Teban bado yuko nyumbani. Sipiti tena kwenye kituo kile.

Rufina


Puhawan
30 Mei 1999

Rufina,

Hapa wazima, ila tumechoka. Mlima uliporomoka baada ya Jumapili ya Pasaka ukameza barabara urefu wa mashamba sita. Lunag amekaa na gari lake ng'ambo ya pili wiki saba, barua zote zimekaa naye kwenye gunia. Amevuka juzi kwa miguu. Yako nimeisoma nikiwa nimesimama.

Zimekwisha kuchanua. Zilichanua na mwekundu, siku zilezile, kama ulivyosema. Sasa punje zinajaza maziwa.

Nitakwambia nilichokiona, kwa sababu huko kwenye vyungu hamwezi kukiona. Funza wamerudi mwaka huu vibaya kuliko mwaka jana. Kwa Uyami kumekuwa kweupe kama vichwa vya wazee kanisani. Kwangu majaruba ya chini, weupe. Jaruba la juu, mwekundu umetobolewa pia. Zile arobaini na saba, hata suke moja jeupe hakuna. Nimekwenda asubuhi na jioni, nimezigusa moja moja. Nilipasua bua moja, nikakuta funza mle ndani amekauka kama uzi. Nilikaa kwenye ukuta nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Mjukuu wangu ametengeneza hiki, nikasema. Halafu nikakumbuka barua.

Sijang'oa. Usiniulize kwa nini. Nilikwenda juu na panga mara mbili. Mara ya kwanza goti. Mara ya pili hapakuwa na goti.

Na wewe unangoja ning'oe ndipo uende ukaseme. Nami nangoja useme ndipo ning'oe. Katikati yetu yuko mzee wa watu na shati lake la pasi. Wote wawili tumekosa haya. Mimi nina miaka sabini na tatu, nimezoea kuwa na haki, imenilewesha. Wewe una nini?

Nenda leo. Usinijibu kwanza. Nenda.

Bibi yako


Laguna
14 Juni 1999

Bibi, shikamoo.

Nimekwenda. Nilikwenda na barua zako zote mkononi nikamsomea Daktari Villaruz, kwa sababu maneno yangu mwenyewe yaligoma. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Rufina, ungeniambia Desemba ningekugombeza. Sasa ni Juni, kugombeza hakusaidii."

Mzee Teban amerudishiwa ufunguo. Nilikwenda kwake kumwomba radhi, nimepika biko nzima, trei nzima ya wali wa nazi na sukari, kama mtu anayekwenda kuposa. Mkewe aliipokea akaipeleka jikoni. Mzee mwenyewe akasema, "Bibi yako ana jicho. Chungu kile ndicho kilichokuwa bora, hata kwenye vipimo vyao." Halafu akakohoa, akasema amechoka, nikaondoka. Hakusema amenisamehe. Sikumwuliza.

Mimi nimeachishwa. Naruhusiwa kumaliza mwezi, kusafisha meza. Majaribio yamesimamishwa, hawajui mpaka lini. Wenzangu wananisalimia kwa adabu sana.

Sasa lililo gumu. Daktari anakuja huko mwenyewe tarehe 28 na watu wawili. Wataondoa zile arobaini na saba, na jaruba lote la juu. Lote, na mwekundu. Mengine ya chini yako mbali vya kutosha, vumbi la maua ya mpunga haliendi mbali. Yale mnaweza kuvuna mle, ila msichague mbegu humo. Nimemwambia ni jaruba la mbegu. Nimemweleza mara mbili. Alisema anaelewa, na kwamba kuelewa hakubadilishi kitu.

Bibi, ghalani kumebaki mwekundu wowote wa zamani? Hata fungu moja?

Sikuruhusiwa kuja nao. Barua hii anayo dereva wa basi mkononi, nimemwapisha.

Rufina


Puhawan
11 Julai 1999

Rufina,

Umefanya vizuri. Nimelisema mara moja, usingoje la pili.

Ghalani hamna. Kilichobaki ni mafungu mawili ya kula, yamekaa juu ya moshi wa jiko mwaka mzima, kiini kimekufa. Niliyapima kwenye kitambaa kibichi, punje hamsini. Haikuota hata moja. Mbegu ya mama yangu na ya mama yake ilikuwa jaruba la juu tu. Nimekujibu.

Walikuja. Daktari wako ni mfupi, nilimtegemea mrefu. Niliwapa kahawa na viazi vitamu, maana mgeni ni mgeni hata akija na galoni la mafuta ya taa. Wale vijana hawakula, waliogopa. Yeye alikula viwili na maganda. Tukapanda naye juu. Akachuchumaa, akahesabu, akapasua mabua kwa kisu chake kidogo, akatia funza waliokufa kwenye kichupa. Halafu akakaa kwenye ukuta, palepale ninapokaa mimi.

"Bibi," akasema, "hakuna jeupe hata moja."

"Naona. Nimetolewa mtoto wa jicho."

"Miaka sita nimetamani kuuona umesimama shambani."

"Basi utazame vizuri, maana unauchoma wewe."

Akautazama. Sikumchukia. Nilitaka kumchukia, nilijitayarisha tangu asubuhi, lakini aliinuka akavua viatu na kuingia topeni kung'oa pamoja na vijana wake, na mikono yake haikujua kazi ile, akakatwa na majani mpaka damu. Nikamwonyesha namna ya kushika. Ndiyo, Rufina, nimeng'oa na mimi. Zile arobaini na saba walizing'oa wao. Mwekundu nimeng'oa mimi, mistari yote, sikumwachia mtu.

Mpunga ambao haujakauka hauwaki. Unalia, unatoa maji. Walimimina mafuta mara tatu. Moshi ulikaa bondeni siku mbili, kijiji kizima kikajua. Kisimani Uyami akawaambia wenzake, "Mwaka huu mchagua mbegu amechagua moto." Walicheka. Ningekuwa mimi nimelisema ningecheka pia, ni neno zuri.

Alhamisi tumeanza kuvuna. Desturi unaijua, mchagua anatangulia, anaanzia kwake, ndipo wanawake wanaingia. Nilitoka na kisu changu, nyuma wanawake kumi na moja. Nikafika panapogawanyika kuta, nikasimama. Kwenda juu ni kweusi. Kwenda chini ni kwangu, lakini nimeambiwa nisichague humo. Wale nyuma nao wakasimama. Sikutaka kugeuka niwaone nyuso. Nilikuwa nafikiri nimpe mtu kisu, nirudi nikalale, na kwa kweli nilikuwa nimechoka kiasi kwamba wazo lile lilikuwa tamu.

Uyami akanipita. Akashuka kwenye ukuta wake, ule wa magugu, akasimama panapoingilia maji.

"Unangoja kupigiwa ngoma? Jua linapanda."

"Kwako kumeliwa na funza," nikamwambia.

"Kumeliwa. Kama kungekuwa kuzima ningechagua mwenyewe."

"Wewe ungechagua magugu."

"Ingia, kizee, au nimwite mwingine."

Nikaingia. Mpunga wake ni mweupe, wa punje fupi, ulichanua kabla ya wangu na Daktari hakuukataza; siupendi, una ladha ya maji. Nimepita mstari kwa mstari, na yeye nyuma yangu anashika kapu. Asubuhi nzima nimepata masuke kumi na tisa yaliyojaa mpaka ncha. Jana nimerudi, nimepata saba. Tumeyatandaza juani kwenye mkeka wake. Nusu ni yake, nusu yangu, na kijiji kitapata kinachobaki.

Mama yako ameandika, anauliza kwa nini wewe huandiki. Mwandikie.

Ule moto umepasua ukuta wa jaruba la juu. Mawe matatu makubwa yameangukia kwa Uyami na maji yanapotea. Lazima yarudishwe kabla ya kitalu cha Novemba, na wewe meza umeshaisafisha. Mimi siwezi kuyapandisha. Yeye pia hawezi. Tumejaribu.

Bibi yako,
Tuginay